Vijiji vya Wakulima wa Kitamil

Vijiji vya wakulima wa Kitamil viko hasa katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Vilivyoandikwa sana habari zake ni vile vya mpunga vya Thanjavur, kwenye delta ya mto Kaveri, ambako bwawa la kale la Kallanai hugawa maji ya mashamba. Huko ramani ya kijiji ilikuwa pia ramani ya mali. Wabrahmini wenye ardhi waliishi agraharam, mtaa wa karibu na hekalu. Kasti za wakulima na mafundi zilikaa mitaa mingine. Wadalit, waliohesabiwa chini ya kasti zote, walitengwa kwenye cheri, mtaa wao ng'ambo ya makonde. Kibarua wa kudumu, pannaiyal, alilipwa mpunga na kufungwa na deni kwa tajiri wake. Kilichomfungua zaidi ni kupata chakula kisichotoka ghalani mwa tajiri huyo.

Wapo wanaosema kilichomkomboa ni sheria. Ni kweli kwamba sheria ya 1952 iliwalinda pannaiyal, na ya 1961 iliweka kikomo cha ekari 30 kwa familia, kilichoshushwa hadi 15 mwaka 1970. Lakini wenye mashamba waliandikisha ardhi kwa majina ya jamaa, na anayekula kwa mkono wa tajiri hamshtaki tajiri. Aliyethubutu kudai alilipa kwa damu: tarehe 25 Desemba 1968, katika mgogoro wa ujira kijijini Kilvenmani, Wadalit 44, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto ndani ya kibanda.

Ushahidi wa mabadiliko umo Iruvelpattu, kijiji kilichochunguzwa mwaka 1916 na kurudiwa mara kadhaa hadi 2008. Ukoo uliokitawala kwa ardhi yake umepungukiwa nguvu, kwa kuwa vibarua hupata kazi nje ya kilimo. Mchele wa mgao wa serikali, na sheria ya 2005 iliyoahidi kila kaya ya vijijini siku 100 za kazi kwa mwaka, vimewapa sauti ya kukataa ujira duni. Hata hivyo, kuuita huu ukombozi kamili ni kuwadhulumu wasio na shamba. Wadalit wengi bado hawana ardhi, na wanaume wanapokwenda mjini, kupandikiza na kupalilia mpunga hubaki kwa wanawake, kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume. Kibarua amepata pa kukimbilia. Pa kusimama, yaani ardhi yake mwenyewe, bado anapadai.