Namba ya Saa Tisa Usiku

Ujanani nilifanya kazi katika kituo kidogo cha hali ya hewa huko pwani. Kila baada ya saa tatu nilisoma barometa na kuandika daftarini. Usiku mmoja nilipitiwa na usingizi, nikakosa kipimo cha saa tisa. Asubuhi nilichukua cha saa sita na cha saa kumi na mbili, nikaandika namba ya katikati. Hakuna aliyegundua.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa madhehebu ya Quaker. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia hakushika silaha. Alikwenda Ufaransa kuendesha gari la majeruhi. Huko, kati ya zamu na zamu, alikokotoa kwa mkono utabiri wa siku iliyokwisha kupita: tarehe 20 Mei 1910. Hesabu ilimwambia kwamba kwa saa 6 mgandamizo wa hewa mahali fulani Ujerumani ungepanda milibari 145. Siku yenyewe ulikuwa umetulia, haukubadilika kitu. Mwaka 1917 karatasi zake zilipotea vitani, zikaja kuonekana Ubelgiji chini ya rundo la makaa ya mawe. Mwaka 1922 alitoa kitabu, na kosa lile akaliacha humo, wazi.

Baadaye Peter Lynch wa Ireland alirudia hesabu hizo. Akaonyesha kwamba vipimo vya kuanzia, vya upepo na vya mgandamizo, havikupatana wenyewe kwa wenyewe. Vilipolainishwa, utabiri ukatulia.

Kazi ya kupatanisha imekuwa fani nzima. Mwaka 1997 kituo cha Ulaya kilichoko Reading kilianza kutafuta, kwa kila utabiri, mwenendo mmoja wa hewa unaokaribia zaidi makisio na vipimo vya saa kadhaa kwa pamoja. Njia nyingine, ya mwaka 1993, hubeba makisio mengi kwa mkupuo: kipimo kikifika, yanayokikaribia hupewa uzito na kuzalishwa, yaliyo mbali hufa.

Zote mbili huuliza kila kipimo: nikuamini kiasi gani? Namba yangu ingejibu vizuri mno. Ilikubaliana na majirani zake kwa sababu niliitoa kwao.

Kosa la Richardson lilikuwa milibari 145, likafunza vizazi. Langu pengine halikufika milibari moja, na halikumfunza mtu yeyote.