Kijiji kinachobebana juu ya makaa

Usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa sikukuu ya Yohane Mbatizaji, San Pedro Manrique hakulali mtu. Ni kijiji cha watu kama 600 kwenye nyanda za juu za mkoa wa Soria, kaskazini mwa Hispania. Mapema usiku magogo ya mwaloni huwashwa karibu na kikanisa cha Bikira Maria wa Peña. Hadi saa sita miali imekwisha, yamebaki makaa mekundu. Wazee wa kazi hiyo huyatandaza kwa miti mirefu, wakiondoa kila jiwe, maana si kaa bali jiwe ndilo linaloumiza. Kisha tarumbeta hulia, na wa kwanza huingia peku.

Mara nyingi haingii peke yake. Mgongoni kambeba mtu: mke, mtoto, rafiki, pengine dada aliyerudi likizo kutoka mjini. Mgeni hudhani mzigo ni majigambo. Wenyeji wanasema uzito ndio kinga. Unatakiwa ukanyage kwa kishindo, unyayo mzima, upesi lakini bila kukimbia. Anayenyata ndiye anayeungua.

Desturi hii imetoka wapi? Mwanahistoria wa Kigiriki Strabo aliandika, miaka 2,000 iliyopita, kuhusu watu wa mlima Soracte, Italia, waliopita juu ya makaa kwa heshima ya mungu wao wa kike, Feronia. Wasomi wa Hispania wameitaja habari hiyo mara nyingi walipozungumzia moto wa San Pedro. Lakini Soracte ni mbali na Soria, na kufanana si kurithiana.

Kijijini wanasimulia hadithi nyingine, inayowahusu wasichana watatu wanaoitwa Móndidas, wanaopatikana kwa kura mwezi Mei kila mwaka. Inasemekana wao ni ukumbusho: zamani wafalme wa Kikristo waliwalipa watawala Waislamu kodi ya wasichana 100, mpaka mfalme Ramiro wa Kwanza alipoikomesha kwa vita vya Clavijo, mwaka 844. Wanahistoria wanaona vita hivyo havikutokea. Hata hivyo, Móndidas wapo, na nao hubebwa kuvuka moto.

Mimi naona tuangalie pia kondoo. Kwa karne nyingi utajiri wa nyanda hizi ulikuwa sufu. Wachunga kondoo walikuwa wanachama wa Mesta, chama kilichopewa hati na mfalme Alfonso wa Kumi mwaka 1273. Ilipofika vuli, wanaume waliswaga mifugo kuelekea Extremadura, mamia ya kilomita kusini, na kuwaacha wanawake, watoto na wazee wapambane na baridi. Walirudi majira ya joto yakikaribia. Sikukuu ya Juni ilikikuta kijiji kimekamilika, na mtu aliyekosekana nyumbani miezi saba alikuwa na sababu ya kumbeba mtu wake mgongoni.

Mesta ilivunjwa mwaka 1836, sufu ikapoteza soko, na katika karne ya 20 vijana wakahamia mijini. Leo mkoa mzima wa Soria una watu wapatao 9 tu kwa kilomita ya mraba. Bado Juni inawarudisha.

Mwaka 2011 watafiti, miongoni mwao Ivana Konvalinka na Dimitris Xygalatas, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya hapo. Waliwafunga watu 38 vifaa vya kupima mapigo ya moyo: wavukaji, jamaa zao na wageni waliokuja kutazama. Makaa yalipopimwa yalikuwa na nyuzi 677 za Selsiasi. Mioyo ya jamaa walioketi ilipanda na kushuka sambamba na ya yule aliyekuwa motoni. Ya wageni haikufuata, ingawa walikuwa uwanja mmoja, wakitazama kitu kilekile.

Wageni wengi huondoka moto ukizimika, na huko ni kuikosa nusu ya sikukuu. Asubuhi ya tarehe 24 meya na madiwani hupanda farasi kukizunguka kijiji. Móndidas hutoka wamevaa nguo nyeupe, vichwani wana vikapu virefu vilivyosimamishwa vijiti vya unga uliokandwa na kutiwa rangi ya zafarani. Vikapu ni vizito, barabara ni ya mawe, nao hawajalala. Mama zao hutembea kando yao, mkono ukiwa tayari.