Mshumaa Uliokuwa Kipimo cha Nuru

Hapa Lubumbashi umeme ukikatika usiku, nyumba nyingi huwasha taa ndogo za LED zilizonunuliwa sokoni. Sanduku la taa limeandikwa wati, lumeni, pengine na kandela. Mzazi huchagua yenye namba kubwa, kisha mtoto ashindwa kusoma kitabu chake. Basi tuone namba hizo zilitoka wapi.

Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alieleza kwamba jicho haliwezi kutaja nuru moja yazidi nyingine mara ngapi, bali laweza kutambua kama nyuso mbili zaangazwa sawasawa. Kwa hiyo taa ililinganishwa na mshumaa. Taa iliyowekwa mbali mara mbili, na bado nuru yake ikalingana na ya mshumaa, ilihesabiwa kuwa mishumaa minne, maana umbali ukizidi mara mbili nuru hubaki robo.

Lakini mshumaa upi? Mwaka 1860 sheria ya gesi ya London ilitaja mshumaa wa mafuta magumu ya nyangumi, unaoteketea karibu gramu 8 kwa saa. Hata hivyo, kila taifa lilishika kipimo chake. Mwaka 1948 ndipo mataifa yalipolipokea jina moja, kandela, na mwaka 1979 kipimo kikaachana kabisa na moto: wati moja ya nuru ya kijani maalum ni lumeni 683.

Majina haya ni ya Kilatini. Candela ni mshumaa. Lumen ni nuru, neno tulisikialo katika mkesha wa Pasaka. Lux pia ni nuru. Kandela hupima nguvu ya nuru kuelekea upande mmoja. Lumeni ni jumla ya nuru yote itokayo katika taa. Luksi ni lumeni zinazoangukia kila meta mraba.

Wati, je? Hizo ni umeme unaoliwa, si nuru. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 au 800; taa nzuri ya LED hutoa kiasi hicho kwa wati 8 au 9. Nayo tochi hukusanya nuru mbele: kandela nyingi, lumeni chache. Huonyesha njia, haiangazi chumba.

Basi, kwa chumba tuulize lumeni. Kwa njia, kandela. Na mtoto anaposoma, tumsogezee taa ndogo: ikiwa nusu ya umbali, kitabu hupata luksi karibu mara nne, bila kuongeza hata faranga moja.