Faharasa Moja, Nakala Nyingi: Kipande na Mitaa ya Eastlands

Historia ya Eastlands ya Nairobi huandikwa mara nyingi kama historia ya nyumba: Pumwani iliyopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo iliyowapokea wenyeji wa Pangani mtaa wao ulipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, Kaloleni iliyojengwa miaka ya 1940 kwa kazi ya mateka wa vita wa Kiitalia, kisha Bahati, Makadara, Jericho, hadi Umoja na Dandora baada ya uhuru. Sambamba na historia hiyo kuna nyingine ya karatasi, kwa kuwa katika mitaa ile ya mwanzo kitanda kilifuata kazi, na kazi ilifuata hati aliyoibeba mwanamume mwenyewe, ambayo nakala za habari zake zilikaa katika ofisi asizoruhusiwa kuingia. Hati hiyo ni kipande, na jambo linalofaa kuchunguzwa katika historia yake ni hili: faharasa moja ikishanakiliwa na kutawanywa mahali pengi, ni nani mwenye haki ya kuisahihisha nakala iliyokosea?

Swali hilo ndilo linalowashughulisha leo watunzaji wa hifadhidata za utafutaji, yaani maghala ya kumbukumbu yaliyoundwa ili jambo lipatikane upesi. Hifadhidata ya namna hiyo haisomi nyaraka zote kila inapoulizwa, bali hutunza faharasa, ambayo ni orodha inayoonyesha kila neno limo katika waraka upi. Faharasa inapozidi uwezo wa mashine moja hugawanywa mafungu, na kila fungu huwa na nakala kuu na nakala rudufu zilizowekwa katika mashine nyingine, ili moja ikizimika kazi isisimame. Maandishi mapya huingia kwanza katika nakala kuu, ndipo yapelekwe kwenye rudufu. Na katika programu ya Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, anayetaka kuinakili faharasa nzima kwa amri moja hutakiwa kuifunga kwanza isiandikwe, kusudi asili na nakala zisiachane njiani. Masharti haya, la kujua nakala kuu ni ipi na la kuzuia nakala zisitofautiane, hayakuzaliwa pamoja na kompyuta, na serikali ya kikoloni ya Kenya ilikumbana nayo miaka 90 kabla, ikiwa na makarani, kadi na wino.

Mtaa wa Kariokor, ulio mlangoni mwa Eastlands, umebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi haikulipwa kamwe kwa sababu maafisa walishindwa kuwatambua marehemu au kuwapata warithi wao. Ingedhaniwa kwamba msiba huo ndio uliozaa uandikishaji wa watu, lakini sivyo. Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ilikuwa imepitishwa tayari mwaka 1915, nayo ilitokana na madai ya walowezi waliotaka kumnasa mfanyakazi aliyetoroka shamba kabla mkataba wake haujaisha. Vita viliichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919 wakati wa Gavana Edward Northey, na kuanzia hapo kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuandikishwa, kuchukuliwa alama za vidole na kutembea na cheti chake, ndicho kipande. Cheti kilitiwa katika kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba, na Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele ya mbuzi.

Upande mmoja wa cheti ulikuwa na habari za mtu: nambari, jina, wilaya, kabila, chifu wake na alama ya kidole. Upande mwingine ulikuwa wa waajiri, umepigwa mistari ya kuandika jina la mwajiri, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuachishwa, na saini. Habari za uandikishaji zilihifadhiwa serikalini pia, na alama za vidole zikapelekwa katika ofisi kuu ya usajili mjini Nairobi, ambako mwajiri naye alitakiwa kutoa taarifa za waliotoroka kazi. Kwa hiyo maisha ya mtu mmoja yaliandikwa mahali kadhaa kwa wakati mmoja, yaani shingoni mwake, kwa mwajiri, kwa bwana shauri wa wilaya, na katika makabati ya Nairobi. Katika sehemu zote hizo, mwenye maisha hayo hakuruhusiwa kuandika hata mstari mmoja.

Makabati ya Nairobi ndiyo yaliyokuwa nakala kuu, na nguvu yake ilitokana na namna yalivyopangwa. Jina halikutosha, kwa kuwa mtu angeweza kulibadilisha akachukua cheti kipya katika wilaya nyingine. Ilihitajika faharasa ya kumpata mtu kwa vidole vyake pekee. Njia iliyoenea katika dola ya Uingereza ni ile iliyobuniwa Bengal katika miaka ya 1890 chini ya Edward Henry, ambaye jina lake ndilo lililobaki ingawa hesabu zake zilifanywa kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose, jambo linalopasa kukumbukwa kila mfumo huo unapotajwa. Vidole kumi huhesabiwa kuanzia gumba la kulia hadi kidole kidogo cha kushoto, vikapangwa jozi tano zenye thamani za 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye alama ya mviringo, yaani mistari inayojizungusha kama kizingia, hupata thamani ya jozi yake, na kisicho nayo hupata sifuri. Thamani za vidole vya nambari shufwa hujumlishwa na kuongezwa moja, zikaandikwa juu. Za witiri hujumlishwa na kuongezwa moja, zikaandikwa chini. Mtu mwenye mviringo katika gumba na kidole cha kati vya mkono wa kulia tu huwa 1 juu ya 25. Asiye na mviringo wowote huwa 1 juu ya 1. Mwenye mviringo katika vidole vyote kumi huwa 32 juu ya 32. Matokeo yake ni mafungu 1,024, na karani aliyepokea kadi mpya hakuhitaji kupekua kabati zima, bali alikwenda moja kwa moja kwenye fungu lake na kulinganisha kadi zilizomo humo. Hakika hii ilikuwa faharasa ya utafutaji kwa maana kamili ya neno, iliyogawanywa mafungu kama zinavyogawanywa za sasa.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye nakala zilizotawanyika. Mwajiri aliyekasirika, au aliyetaka kumzuia mtu asiondoke, aliacha wazi nafasi ya tarehe ya kuachishwa. Mwanamume huyo alipofika Pumwani kutafuta kazi mpya, hati iliyokuwa shingoni mwake ilimtangaza kuwa angali mtumishi wa mtu mwingine, kwa hiyo aliyemwajiri alijiweka matatani, na yeye mwenyewe aliweza kushtakiwa kuwa mtoro, kosa ambalo wakati huo lilikuwa la jinai. Angeweza kueleza kwamba alimaliza siku zake na kulipwa, lakini maneno ya mdomo hayakuwa na uzito mbele ya mstari ulioachwa wazi. Askari walipofanya msako usiku katika Pumwani, wakidai kipande pamoja na risiti ya kodi, waliisoma nakala tu, na mtu aliyekuwa sahihi kwa matendo yake yote alilala rumande kwa sababu ya kalamu ambayo haikushuka kwenye karatasi. Huo ndio uonevu uliokuwa ndani ya mpango wenyewe, wala haukutegemea ukatili wa karani au askari fulani.

Watu wa Nairobi waliuelewa mapema. Harry Thuku na chama cha East African Association waliufanya mfumo wa kipande kuwa mojawapo ya malalamiko yao makuu mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi, na tarehe 16 polisi wakaufyatulia risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na wengine walisema ni zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wamkomboe Thuku. Inafaa kukumbuka kwamba wanawake hawakuandikishwa. Walimiliki nyumba nyingi za Pangani na Pumwani, wakapangisha vyumba na kuishi mjini kwa miongo mingi, na faharasa ya serikali haikuwa na kadi yao hata moja.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Eliud Mathu akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria na wanachama wa Kenya African Union wakiwa mitaani waliidai serikali ikifute kipande, na mwaka 1947 ikapitishwa sheria mpya ya usajili iliyowahusu watu wa rangi zote. Hapo walowezi, waliokuwa wameona alama za vidole kuwa jambo la kawaida kwa muda wote zilipokuwa za wengine, walipandwa na hasira. Serikali ikamwita Sir Bertrand Glancy achunguze, na baada ya ripoti yake ya mwaka 1950 waliotimiza masharti ya elimu waliruhusiwa kutoa saini na picha badala ya vidole. Usawa ulibaki katika jina la sheria. Ndani ya makabati watu waliendelea kutenganishwa.

Tarehe 24 Aprili 1954, katika vita vya serikali ya kikoloni dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, Jenerali George Erskine alianzisha Operesheni Anvil, akauzingira mji kwa askari wapatao 25,000. Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Eastlands walitolewa majumbani, hati zao zikakaguliwa, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia kichwani, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Hapa hati safi haikumwokoa mtu, kwa maana orodha nyingine ilikuwa imeandikwa juu ya ile ya kazi, na mwenye gunia hakudaiwa ushahidi wa karatasi.

Mkoloni alipojiandaa kuondoka, suala la nakala kuu likarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeiaibisha Uingereza. Nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa. Ni mwaka 2011, wakati wazee wa Mau Mau walipokuwa wakidai haki katika mahakama ya London, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba katika jengo la Hanslope Park kulikuwa na majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, Kenya ikiwemo. Miaka miwili baadaye ilikubali kuwalipa watu 5,228. Kwa nusu karne watu hao walikuwa wameishi na kovu, huku maandishi yanayothibitisha kovu hilo yakiwa katika nchi nyingine.

Kenya huru ilibadili hati na kuendeleza mpango. Hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 1978 kitambulisho kiliendelea kuwa cha wanaume, na tangu miaka ya 1990 kadi za makaratasi zikaanza kupisha kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 2019 serikali ilianzisha Huduma Namba kwa nia ya kukusanya madaftari yake mengi katika hifadhidata moja. Mahakama Kuu iliiwekea masharti Januari 2020, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa tathmini ya athari kwa faragha ya watu haikufanywa kwanza. Wakati huohuo, kasoro iliyoujeruhi mtaa wa Pumwani wa zamani imejirudia kwa Wakenya wa asili ya Kisomali, jambo linalojulikana vyema katika mtaa wa Eastleigh. Miaka ya njaa, familia zilizojiandikisha katika kambi za Dadaab ili zipate posho ziliacha alama za vidole vya watoto wao katika daftari la wakimbizi. Watoto hao walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho, kompyuta ililinganisha vidole, ikawakuta kambini, na wakakataliwa kuwa raia wa nchi waliyozaliwa. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu, wala kura.

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuziona. Haki hizo hazitamfaa kijana wa Eastleigh mpaka pawe na ofisi moja inayotambuliwa kuwa ndiyo yenye nakala kuu, karani mwenye mamlaka ya kuandika humo, na njia ya kulipeleka sahihisho hilo katika nakala zote nyingine, benki na kituo cha polisi zikiwemo, bila kumtaka mwenyewe azunguke na barua kutoka dirisha hadi dirisha.