Vincent van Gogh na Émile Bernard: Karakana Ndani ya Bahasha

Machi 1888 Vincent van Gogh hakuwa ametimiza hata mwezi mmoja Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa. Alichukua karatasi akamwandikia kijana aliyemwacha Paris, na humo ndani akamchorea daraja la kuinuliwa, mabaharia wakirudi mjini na wapenzi wao, na jua kubwa nyuma yao. Alitaka mwenzake aone kazi iliyokuwa mikononi mwake wakati ule. Kijana huyo, Émile Bernard, alikuwa anakaribia miaka 20. Vincent alikuwa anakaribia 35.

Barua 22 za Vincent kwa Bernard zimetufikia, zote kwa Kifaransa. Ni chache mno ukizilinganisha na zaidi ya 650 alizomwandikia mdogo wake Theo, muuzaji wa picha Paris aliyemlisha na kumnunulia rangi. Hata hivyo, kwangu mimi, anayetaka kumjua Vincent akiwa kazini aanze na hizi 22. Kwa Theo alikuwa kaka aliyeona haya kwa kila faranga aliyoletewa, na haya hiyo imetapakaa katika barua zake. Kwa Bernard alilalamikia pia ukata na ugumu wa kupata watu wa kumkalia awachore, lakini hakuwa na deni la kueleza. Alizungumza kama fundi na fundi mwenzake.

Walifahamiana Paris kupitia karakana ya mwalimu Fernand Cormon. Bernard alifukuzwa huko mwaka 1886 kwa ukaidi. Urafiki ulikolea dukani kwa Julien Tanguy, mzee aliyewauzia rangi wachoraji fukara na mara nyingi kupokea picha badala ya fedha. Bernard alikuwa na banda la mbao la kuchorea katika bustani ya wazazi wake huko Asnières, na Vincent alikwenda kuchora hapo mpaka alipogombana na baba yake Bernard. Mzee hakutaka mwanawe awe mchoraji, na Vincent hakuweza kunyamaza.

Barua ya kwanza tuliyo nayo, ya mwishoni mwa 1887, ni ya kumkanya kijana. Bernard hakutaka picha zake zitundikwe pamoja na za Paul Signac na wenzake waliochora kwa vidoa vya rangi. Vincent alimwambia kwamba ubishi wa makundi ni hasara tupu, na kwamba kazi njema ni njema hata ikitoka kwa mtu wa kundi jingine. Hilo alilishikilia hadi mwisho. Wachoraji, aliamini, wangeishi pamoja, wachangiane gharama na kukosoana bila kinyongo.

Alipofika Arles karatasi ikawa ndiyo karakana yenyewe. Upepo wa kule, mistral, huangusha kila kitu, basi Vincent akamweleza Bernard namna ya kuchora nje: zamisha ardhini miguu ya kiegemeo cha turubai, pigilia kando yake chuma chenye urefu wa nusu mita, kisha funga vyote kwa kamba. Akamweleza pia kwa nini nyeusi na nyeupe zihesabiwe kuwa rangi. Katika vichoro vya barua aliandika majina ya rangi mahali pake, anga hapa, shamba pale, ili msomaji aliye mbali azipake akilini. Julai akamtumia michoro 15 iliyofuata picha zake za rangi. Bernard naye alimtumia michoro yake na mashairi aliyotunga, na Vincent akayachambua kwa ukali ule ule wa picha. Alimsukuma kijana awatazame tena Rembrandt na Frans Hals, akihofia kwamba Bernard anawapita haraka mno mabwana wa Uholanzi.

Vincent alikuwa amesoma kwamba wachoraji wa Japani walibadilishana kazi zao, akataka nao wafanye hivyo. Septemba 1888 Bernard alikuwa Pont-Aven, katika mkoa wa Bretagne, pamoja na mchoraji Paul Gauguin. Kila mmoja alichora sura yake mwenyewe, akaweka ukutani nyuma yake sura ya mwenzake, na picha zote mbili zikapelekwa Arles. Mwezi uliofuata Gauguin akahamia kwa Vincent katika Nyumba ya Manjano, uwanja wa Lamartine. Alikuwa amebeba picha ya Bernard ya wanawake wa Bretagne shambani, na Vincent akaipenda kiasi cha kuinakili kwa rangi za maji. Yaliyofuata Desemba, ugomvi wao na sikio ambalo Vincent alijikata, yamesimuliwa mno kiasi cha kufunika mengine yote. Hapa nayapita.

Hoja nzito ya barua hizi ni moja: mchoraji achore anachokiona, au anachokiwaza? Oktoba 1888 Vincent alimwambia Bernard kwamba ameharibu turubai kubwa la Yesu na malaika katika bustani ya Gethsemane, kwa kuwa hakuwa na mtu halisi wa kumtazama alipokuwa akichora. Mwaka mmoja baadaye, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, aliletewa picha zilizopigwa za kazi mpya za Bernard. Zilikuwa za Biblia, na Gethsemane mojawapo. Jibu lake la Novemba 1889 lina moto. Alizikataa karibu zote, akamkumbusha zile picha za Bretagne zilizomfurahisha, akakiri kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuvutwa na uchoraji wa kuwaza Gauguin alipokuwapo na akajuta. Mwezi huo alikuwa akishinda katika mashamba ya mizeituni. Alitaka kuonyesha kwamba uchungu wa bustani ile unaweza kuchorwa kwa miti na udongo wenyewe, bila Gethsemane ya Biblia.

Nionavyo mimi, hiyo ndiyo barua bora kuliko zote 22, na ni upendo uliomsukuma kuiandika. Mtu asiyekujali hapotezi karatasi nyingi hivyo kukuambia umepotea njia. Baada yake hakuna barua nyingine inayojulikana kutoka kwa Vincent kwenda kwa Bernard.

Vincent alifariki tarehe 29 Julai 1890 huko Auvers. Bernard alikuwepo mazikoni, na katika barua kwa mhakiki Albert Aurier alieleza jeneza lililozungukwa na picha za marehemu na maua ya manjano, alizeti yakiwemo. Theo naye akafa Januari 1891. Mwaka 1892 Bernard aliandaa maonyesho ya kazi za rafiki yake Paris, na 1893 akaanza kuchapisha vipande vya barua zake katika jarida la Mercure de France. Mwaka huo huo alihamia Misri, akakaa kama miaka kumi. Mwaka 1911 muuzaji wa picha Ambroise Vollard alizitoa barua alizoandikiwa Bernard kwa kitabu, miaka mitatu kabla Johanna, mjane wa Theo, hajatoa zile alizoandikiwa mumewe. Kijana aliyekaripiwa ndiye aliyewapa watu sauti ya aliyemkaripia, na hakuificha hata ile barua ya Novemba. Barua za Bernard mwenyewe kwa Vincent zimepotea karibu zote. Vincent, aliyetunziwa barua zake, hakuwa mtu wa kutunza za wengine.

Turubai la daraja lile la Machi 1888 liliharibika. Hali ya hewa ilimzuia Vincent kulimalizia nje, akajaribu kulikamilisha nyumbani, likamshinda. Kilichobaki ni kipande chenye mwanamume na mwanamke wakitembea. Picha nzima, jua na daraja na mabaharia, imebaki tu katika barua aliyoitunza Bernard. Barua 20 kati ya zile 22 ziko leo katika Morgan Library, New York.