Chambo kisichonasa magugu: maana, muundo na matumizi katika tafsiri

chambo kisichonasa magugu, nomino, ngeli ya KI-VI. Wingi *vyambo visivyonasa magugu*. Chambo bandia ambacho ncha ya ndoana yake imekingwa kwa waya, kwa nywele ngumu za plastiki au kwa mwili laini, ili kiweze kuvutwa katikati ya mimea ya majini bila kukwama. Makala haya yanahusu hasa aina moja ya chambo hicho, yaani chambo chenye kibamba kinachozunguka kwenye waya ulionyooka, ambacho wavuvi wa Amerika Kaskazini hukitumia kumvulia samaki aitwaye besi.

Istilahi hii huwapa tabu wafasiri kwa sababu maneno yake yote ni ya kawaida, lakini mpangilio wake ukibadilika kidogo tu maana hugeuka. Mfasiri anayeandika *chambo kisicho na magugu* hajataja tena kifaa kile. Ametaja chambo kilichosafishwa. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria pia, kama itakavyoonekana hapa chini.

Chambo na chambo bandia

Katika Kiswahili chambo ni kitu chochote kinachotiwa kwenye ndoana au mtegoni ili kumvuta windo: mnyoo, dagaa, kipande cha ngisi. Methali isemayo *Mtego bila chambo haunasi* inaonyesha kwamba mtego na chambo ni vitu viwili, kimoja kikivuta na kingine kikinasa. Katika chambo bandia viwili hivyo vimeungana. Kibamba, manyoya na ndoana ni kitu kimoja, na kinachomvuta samaki ndicho kinachomnasa.

Kwa sababu hiyo, vitenzi vinavyofuatana na chambo cha kawaida havifai vyote kwa chambo bandia. Mvuvi *hutia chambo kwenye ndoana* anapotumia mnyoo, lakini *hufunga chambo kwenye mshipi* anapotumia chambo bandia. Sentensi *Tia chambo bandia kwenye ndoana* humfanya msomaji atafute ndoana ya pili ambayo haipo.

Kivumishi *bandia* ndicho kinachofaa hapa, kama katika *meno bandia* na *nywele bandia*: kitu kilichotengenezwa kushika nafasi ya kile cha asili, bila nia ya kumdanganya mnunuzi. *Chambo ghushi* na *chambo feki* ni mambo mengine. Maneno hayo yangemaanisha bidhaa iliyoigizwa na kuuzwa kwa jina la mtengenezaji mwingine.

Izingatiwe pia kwamba kandokando ya Ziwa Nyasa neno *chambo* ni jina la samaki wa jamii ya perege. Katika maandishi yanayohusu ziwa hilo, muktadha ndio unaoamua kama chambo kinachotajwa ni cha kuvulia au cha kuliwa.

Besi

Samaki anayelengwa zaidi kwa chambo hiki ni besi wa mdomo mpana, kwa jina la kisayansi *Micropterus salmoides*. Asili yake ni maji baridi ya mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini. Hutambulikana kwa taya la juu linalopita nyuma ya jicho na kwa mstari mweusi ulio ubavuni. Besi mzito kuliko wote waliokubaliwa rasmi ana uzito wa kilo 10 na ushei. Alivuliwa na George Perry katika jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na rekodi hiyo ikafikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa, Japani, tarehe 2 Julai 2009.

Wafasiri wengine huchagua *chewa* au *sangara* wakitafuta neno la Kiswahili lililokwisha kuzoeleka. Hayo yote mawili hayafai. Chewa ni samaki wa baharini, wa miambani; sangara ni *Lates niloticus*, anayejulikana zaidi katika Ziwa Viktoria. Besi wa Amerika ni wa familia nyingine kabisa. Jambo hili si la kinadharia tu, kwa maana besi yuko Afrika Mashariki pia: alipandikizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929. Makala kuhusu Naivasha inayomwita chewa inamtia ziwani samaki wa bahari.

Kwa upande wa sarufi, *besi* wa majini hufuata upatanisho wa viumbe hai: *besi huyu amevuliwa, besi hawa wamevuliwa*. *Besi* ya muziki hufuata ngeli ya I-ZI: *besi hii inasikika vizuri*. Maneno hayo mawili yameandikwa sawa lakini hayana asili moja. La samaki linatokana na neno la kale la Kiingereza, na la muziki limetokea Italia.

Muundo wa chambo cha kibamba

Uti wa chambo hiki ni waya mmoja mwembamba, ulionyooka. Upande wa juu waya umekunjwa kuwa kitanzi cha kufungia mshipi. Chini ya kitanzi huning'inia kibamba cha metali kilichobonyea kidogo kama kijiko, kikishikwa na kipete kinachokiruhusu kuuzunguka waya. Kisha hufuata kipande cha shaba au risasi cha kuongeza uzito, na mwishoni ndoana, ambayo mara nyingi hufunikwa kwa manyoya.

Chambo kinapovutwa, maji hukisukuma kibamba nacho huuzunguka waya kwa kasi. Mzunguko huo hutoa mmweko na mtetemo. Mmweko huonekana hata kwa mbali katika maji maangavu. Katika maji ya tope samaki huuhisi mtetemo kwa viungo vya hisi vilivyo kwenye mstari wa ubavuni. Kibamba cha mviringo huzunguka mbali na waya, polepole, kwa mtetemo mkubwa. Kibamba chembamba mfano wa jani huzunguka karibu na waya, kwa kasi zaidi, na hupenya mimea kwa urahisi.

Maelezo haya yanaonyesha kwa nini *chambo kinachozunguka* si tafsiri nzuri. Kinachopaswa kuzunguka ni kibamba peke yake. Chambo kizima kikizunguka, mshipi husokotana, na hiyo ni kasoro ambayo wavuvi huizuia kwa kufunga kiungo kidogo kinachojizungusha kati ya mshipi na chambo. Katika matini ndefu inafaa kuandika *chambo chenye kibamba kinachozunguka* mara ya kwanza, kisha *chambo cha kibamba* baadaye.

Kuna chambo kingine cha jamii hii ambacho waya wake umepindwa mfano wa pini ya nepi, kibamba kikiwa juu na ndoana chini. Matini ikivitaja vyote viwili, tofauti iwekwe kwenye waya: *cha waya ulionyooka* na *cha waya uliopindwa*.

Historia kwa ufupi

Mwamerika Julio Buel alipata hataza ya chambo cha mfano wa kijiko mwaka 1852. Chambo cha kibamba cha waya ulionyooka kilienea zaidi katika karne ya 20. Mhandisi wa Kifaransa, André Meulnart, alikibuni cha kwake mwaka 1938 na kukiuza kwa jina la Mepps. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kilivuka bahari hadi Marekani, ambako mfanyabiashara Todd Sheldon wa Antigo, jimbo la Wisconsin, alikieneza.

Vyambo vingi vya namna hiyo vilikuwa, na vingali, na ndoana yenye ncha tatu zilizo wazi. Ndoana hiyo inafaa katika mto wenye mkondo safi. Besi, hata hivyo, ni samaki wa kuvizia: hujificha kwenye matete, chini ya majani ya yungiyungi na kando ya magogo, akingoja windo lipite. Ncha tatu zikivutwa hapo hurudi na shada la majani. Watengenezaji wakaweka ndoana ya ncha moja, na mbele ya ncha hiyo wakatega waya mwembamba wa kuikinga. Chambo cha Snagless Sally, cha kampuni ya Hildebrandt, ni mfano unaojulikana. Waya huo huyasukuma kando majani. Samaki anapofumba kinywa, hulala na ncha hubaki wazi. Njia nyingine ni kuizamisha ncha ndani ya mwili laini wa plastiki.

Kinga hiyo ina gharama. Ikiwa ngumu mno, samaki huuma na kuachia bila kunaswa. Tena haikikingi kibamba: nyuzi za mimea zikijisokota kwenye kipete, kibamba husimama. Hivyo sifa ya *kutonasa* ni ya kadiri, na matini ya maelezo inaweza kusema *kisichonasa magugu kwa urahisi*.

Kisichonasa na kisicho na

Chanzo cha kosa lililotajwa mwanzoni ni kiambishi tamati cha Kiingereza ambacho kwa kawaida huonyesha ukosefu. Penye ukosefu wa kweli, Kiswahili husema *-sio na*: *chai isiyo na sukari*, *barabara isiyo na lami*. Katika jina la chambo hiki, magugu hayakosekani. Yamejaa ziwani, kinachokanushwa ni tendo la kuyanasa. Kielelezo kizuri kiko tayari katika lugha: husemwa *chuma kisichoshika kutu*, wala si *chuma kisicho na kutu*. Chuma cha pili kinaweza kuwa kimepigwa msasa jana na kesho kikashika kutu.

Kitenzi *-nasa* kina faida ya ziada, kwani hubeba maana ya kukamata na ya kukwama pia. Umbo *kisichonaswa na magugu* ni sahihi, ila huonyesha upande mmoja tu. Kuhusu kifaa chenyewe cha kukinga, *kinga ya magugu* inatosha. Hakuna hatari ya kudhani kwamba magugu ndiyo yanayolindwa, kama ambavyo hakuna anayedhani kuwa *dawa ya mbu* humponya mbu.

Katika *chambo cha kibamba kisichonasa magugu*, kirejeshi kinaweza kusomwa kuwa cha chambo au cha kibamba, kwa sababu vyote viwili ni vya ngeli moja. Wingi huondoa utata: *vyambo vya kibamba visivyonasa magugu*.

Umbo *kisicho na magugu* lina mahali pake halali. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, sheria inakataza kusafirisha mimea ya majini barabarani, kwa kuwa kipande kidogo kinaweza kuota katika ziwa jingine na kulisonga. Mvuvi hutakiwa kuondoa magugu kwenye mashua na vifaa kabla ya kuondoka. Msemaji wa Kiswahili anayeishi huko, akisoma maelekezo mawili yaliyotafsiriwa kwa maneno yale yale, anaweza kudhani kuwa chambo chenye kinga kimekwisha kutimiza sheria. Linganisha:

*Tumia chambo kisichonasa magugu unapovua kwenye matete.* (Ushauri kuhusu aina ya chambo.)

*Ondoka ziwani ukiwa na vyambo visivyo na magugu.* (Sharti la usafi.)

Vitenzi vya uvuvi huu

*-tupa*: kurusha chambo kwa ufito. *Tupa chambo nyuma ya matete, kisha ukivute taratibu.*

*-kunja mshipi*: kuurudisha mshipi kwa kuuzungusha kwenye kigurudumu chake. *Mshipi ukikunjwa polepole mno, kibamba hakizunguki.*

*-rambaza*: kuvua kwa kuburura mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Kisitumiwe kwa mvuvi aliyesimama ufukoni. Siku hizi kitenzi hiki hutumika pia kwa kupitia kurasa za intaneti.

*-dona*: hutumika kwa samaki anayegusagusa chambo kwa ncha ya mdomo. Besi hadoni, hufungua kinywa ghafla na kukivuta chambo ndani pamoja na maji. Kwake inafaa kusema *hukirukia* au *hukimeza*.

*-nasa, -naswa, -nasua*: ndoana *humnasa* samaki, samaki *hunaswa*, mvuvi *humnasua*, ama kwa kumtia kapuni, ama kwa kumrudisha majini. Samaki akiponyoka kwa nguvu zake mwenyewe, *amejinasua*.