Maisha ya mgeni Jabe, Bujumbura: mji ghali kwa nani?

Jabe ni mtaa wa Bwiza jijini Bujumbura, jirani na Buyenzi. Mfanyabiashara anayetoka Kigoma, Dar es Salaam, Kampala au Uvira na kulazimika kukaa Bujumbura kwa wiki kadhaa au miezi mara nyingi huishia mitaa hii, kwa sababu Kiswahili kinazungumzwa barazani, gereji na maduka ya vipuri ya Buyenzi yako karibu, na chumba hupatikana kwa bei isiyolingana na ile ya Rohero au Kiriri. Serikali ya Burundi iliamua mwishoni mwa mwaka 2018 kuifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, lakini bandari, benki na maghala makubwa yamebaki Bujumbura. Kwa mtu wa mizigo, mji ni huu.

Kiswahili hapa si cha juzi. Enzi za Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura, Waislamu wasemao Kiswahili kutoka pwani ya ziwa na Manyema walikuwa na makazi yao yaliyokuja kuwa Buyenzi. Hata hivyo, mgeni asidanganyike na wepesi wa lugha. Karatasi za ofisini ni za Kifaransa au Kirundi, na ndiko gharama nyingi zinakoanzia.

Nyumba

Wageni wa mashirika na balozi hukaa Rohero, Kiriri na Kinindo, ambako kodi ya nyumba nyingi hutajwa kwa dola. Jabe kodi ni ya faranga. Kinachopangishwa mara nyingi ni chumba au vyumba viwili vya nyuma, ndani ya kiwanja chenye wapangaji kadhaa, choo kimoja na bomba moja. Anayetafuta chumba hupitia kwa dalali, ambaye Bujumbura huitwa komisiyoneri, naye ana malipo yake pembeni ya kodi. Mwenye nyumba naye hudai dhamana, na miezi ya mbele inategemea maelewano.

Jambo la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni mita. Umeme na maji ni vya shirika la Regideso, na umeme hununuliwa kabla ya kutumika kwa mita zinazoitwa kashi pawa. Ikiwa mita ni moja kwa kiwanja kizima, mwenye friji na asiye na friji watagombana kila mwisho wa mwezi. Maji nayo hukatika, hivyo pipa la akiba si anasa.

Faranga na dola

Swali la kama Bujumbura ni ghali halijibiki kabla ya kujua mgeni anapata kipato chake kwa fedha gani. Ofisa anayelipwa dola na mchuuzi anayeuza khanga kwa faranga wanaweza kula mshikaki wa mezani pamoja, lakini hawaishi katika mji mmoja.

Burundi imekuwa na bei mbili za dola kwa miaka mingi. Februari 2020 maduka ya kubadilisha fedha yalifungwa, na Oktoba 2022 yakaanza tena kupewa leseni. Mei 2023 Benki Kuu (BRB) ilishusha thamani ya faranga kutoka karibu 2,100 hadi zaidi ya 2,800 kwa dola, kwa matumaini kwamba soko la mitaani lingekufa. Halikufa. Hadi mwishoni mwa 2024 dola ya mitaani ilikuwa imepita mara mbili ya bei rasmi.

Mfano unasaidia. Chukulia bei rasmi ni faranga 2,900 na ya mitaani ni 6,000. Mfanyabiashara ameleta mzigo, ameuza, na amebaki na faranga milioni sita mkononi. Akihesabu kwa bei rasmi ana zaidi ya dola 2,000, na kwa hesabu hiyo amepata faida. Lakini benki haina dola za kumpa, kwa kuwa zilizopo huelekezwa kwanza kwenye mafuta, dawa na mbolea. Hesabu ya kweli ni ile ya dola 1,000, na huenda mzigo wenyewe ulimgharimu zaidi ya hapo Dar es Salaam. Wengi wanaosema Bujumbura imewamaliza hawakumalizwa na kodi wala chakula. Walipanga bei ya bidhaa kwa dola ya kwenye tangazo la benki, wakaishi kwa faranga, na walipotaka kurudi nyumbani wakakuta mtaji umebaki nusu.

Njia ya mkato ni kubadilisha mitaani, na njia hiyo ni kosa kisheria. Anayekamatwa anaweza kupoteza fedha yote. Zaidi ya sheria, kuna hatari ya noti zenyewe. Juni 2023 BRB iliondoa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 na kutoa siku kumi tu za kuzirudisha benki. Aliyekuwa na akiba chini ya godoro Jabe, bila akaunti, alikuwa na siku kumi za kumtafuta mwenye akaunti amwamini. Tangu hapo, mwenye busara halazi faranga nyingi ndani. Huingiza katika akaunti au katika simu kupitia huduma kama Lumicash, au hununua bidhaa mapema.

Dola zinazoingia nazo zinahitaji karatasi. Mwenye kiasi kikubwa cha fedha taslimu aitangaze mpakani na kutunza hati aliyopewa, kwa sababu siku ya kutoka ataulizwa fedha hizo zilitoka wapi.

Daftari la kaya

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama huingia kwa kibali cha mgeni kinachoweza kufika miezi sita. Kibali hicho hakimruhusu kuajiriwa. Mwenye mkataba wa kazi unaozidi siku 90 anapaswa kuomba kibali cha kazi mapema, ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike.

Kinachowasumbua wageni zaidi si mpakani bali mtaani. Kila nyumba Bujumbura inatakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wote wanaolala humo, wageni wakiwemo. Polisi wanapofanya msako, kwa kawaida alfajiri, huanza na daftari hilo. Pasipoti yenye mhuri halali haimwondolei mtu usumbufu kama jina lake halimo. Mwenye nyumba anayesema "utaandikwa baadaye" anaahirisha tatizo la mpangaji, si lake. Jina liandikwe siku ya kwanza, na mkuu wa mtaa ajue.

Barabara, saa na mafuta

Dereva kutoka Tanzania, Kenya au Uganda anavuka Kobero na kujikuta upande wa kulia wa barabara, usukani wake ukiwa ukingoni. Kulipita gari lingine katika miinuko ya kushukia Bujumbura bila utingo anayetazama mbele ni kamari. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja. Kwa Kirundi saa zinahesabiwa kama za Kiswahili, lakini miadi ya benki au ofisi ya mapato (OBR) huandikwa kwa Kifaransa: 15h00 ni saa tisa ya Bujumbura, wakati simu iliyobaki na majira ya Dar es Salaam inaonyesha saa kumi.

Jumamosi asubuhi ni ya kazi za umma. Maduka hufungwa na magari huzuiwa hadi baada ya saa nne, hivyo kupanga kupakua mzigo asubuhi hiyo ni kulipa vibarua wakae. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku katikati ya mji, na mkaazi wa Jabe aliyezoea bodaboda ikambidi ahesabu bisi, teksi au miguu yake.

Mafuta ndiyo yanayogeuza siku mbili kuwa kumi. Uhaba ulioanza kuuma miaka ya 2021 na 2022 ulizidi 2024, na foleni za vituo zikawa za siku kadhaa. Kwa msafirishaji, kila siku ya kungoja ni chakula, ulinzi wa gari na kodi. Kwa mkaazi, bisi zikikosa mafuta bei ya viazi na mkaa sokoni hupanda kabla ya jioni. Mpaka na Rwanda, uliofungwa tena Januari 2024, umeongeza uzito upande wa Kobero na ziwani. Tangu mfumo wa himaya moja ya forodha uanze 2014, kodi nyingi hulipwa kabla mzigo haujaondoka Dar es Salaam, ambako OBR ina maofisa wake, kwa hiyo anayekwama Bujumbura siku hizi mara nyingi anangoja dizeli au mzigo wa kurudi nao, ambao nje ya kahawa na chai ni mchache.

Chakula

Hapa Jabe inasaidia. Ugali wa muhogo, maharage, lengalenga na ndagala wa ziwani hupatikana kwa faranga na kwa bei ya wenyeji. Mukeke ni mtamu lakini amekuwa wa wenye nafasi. Kinachotoka nje, kama mchele wa daraja la juu, mafuta ya kupikia na maziwa ya unga, kimesafiri zaidi ya kilometa 1,500 kutoka bandarini, na muuzaji ameshaihesabu dola ya mitaani ndani yake.